Kapiteni Mtandika Vitanda

"Basi nenda kawaambie wewe," Onesphore alisema. "Mdomo unao."

"Mimi si kapiteni," Annick, mkewe, akajibu, akiendelea kung'oa vichwa vya ndagala, dagaa wakavu wa kwao, juu ya gazeti. "Kapiteni ni wewe, Baba Aurore. Akina mama ishirini na watatu wamekata tiketi. Keshokutwa asubuhi wanapanda meli, wewe mbele, wao nyuma. Mchana mnashuka Mariehamn, na meli ya kuwarudisha haipiti mpaka usiku. Muda wa saa tisa nzima. Utawaonyesha nini?"

"Mji."

"Mji upi?"

Onesphore aliukazia macho ukuta wa jikoni, pale ghorofa ya sita Hallunda, Uswidi, kana kwamba mji ungetokea kwenye vigae.

Sasa huyu Onesphore alizaliwa Uvira, ziwa liko mlangoni, lakini chombo chake cha kwanza kilikuwa kile alichopanda kukimbia vita, akatapika tangu kusukumwa kwa mtumbwi hadi Kigoma, na wanaomjua wanasema samaki wa upande ule walinenepa mwaka ule wote. Akakaa kambini, akaletwa Uswidi, akasafisha sakafu za uwanja wa ndege akiwa anaishi Märsta. Ndipo mwaka 2005 akapata kazi melini. Kazi yenyewe ilikuwa kutandika vitanda. Abiria wanatoka, yeye anaingia. Anavua shuka, anavisha shuka. Miaka sita. Mashuka aliyoyatandika ukiyaunga mwisho kwa mwisho yanafunika ziwa Tanganyika, na kipande kinabaki cha kumkatia mtoto nepi.

Meli ile inakwenda Mariehamn kila siku, na Waswidi wanajaa humo. Lakini wengi hawaendi popote. Wananunua pombe isiyo na ushuru, wanacheza dansi, wanakula uduvi mpaka vifungo vinaruka, kisha wanarudi na meli ileile bila kukanyaga nchi kavu. Gatini meli inasimama muda wa kumenya viazi viwili. Na muda huo ndio Onesphore anakimbia vyumbani na gunia la mashuka. Kwa hiyo Mariehamn yote aliyowahi kuiona ilikuwa milingoti minne ya jahazi kubwa la zamani, vilele vya miti, na mgongo wa mzee mmoja anayedaka kamba.

Mtu mwingine angesema hivyo, yakaisha. Lakini siku ya ubatizo wa Gilles, mtoto wao mdogo, Mama Laurentine, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alimuuliza mbele za watu, sahani mkononi, "Na huko meli inakokwenda, kukoje?"

Onesphore akaanza na miti. Akasema imepandwa kila barabara, imebanana hata mvua inabidi iombe njia. Akasema ni mji mkuu wa visiwa vilivyo chini ya Finland, watu wanaongea Kiswidi, bendera yao wenyewe. Hayo yalikuwa kweli, aliyasoma kwenye karatasi za abiria. Kisha akaona watu wameacha kutafuna. Akasema meya humpa mkono. Akasema manahodha wazee walimpandisha mlingoti wa jahazi lile, na kule juu, hewa ikiwa safi, aliona moshi wa jiko la mama yake Uvira.

Tangu siku ile akawa Kapiteni. Warundi wote wa Tumba, mtaa wa jirani, wakamjua, na Wakongo wakampa kiti cha mbele. Mtu aliyeitwa "wewe wa ndoo" miaka mitatu kule uwanjani, ukimpa jina kama lile, halirudishi.

"Nikiwaambia," akasema sasa, polepole, "Mama Laurentine atacheka mpaka Pasaka."

"Na usipowaambia, utawapoteza. Haya, ukishuka, hilo jahazi la milingoti liko wapi?"

"Karibu na miti."

"Miti iko kila mahali. Na jahazi ni makumbusho, Baba Aurore, unaingia kwa tiketi. Ndani kuna vitanda vya mabaharia, vifupi, mtu analala amekunja magoti."

Onesphore akageuka. "Umejuaje?"

"Nilikwenda. Na darasa la Kiswidi, mwaka 2008."

"Na meli gani?"

"Yako. Ulinipita kwenye ujia umebeba gunia, ukaniomba radhi kwa Kiswidi. Hata macho hukuinua."

"Miaka mitatu unajua?" Onesphore akauliza.

"Jioni ile ulirudi ukatusimulia meya amekualika chapati za kule, zenye jamu. Mimi nimetoka kuzila. Aurore alicheka mpaka akalalia mkono wako. Ningesema nini?"

"Basi nifundishe njia, Mama Aurore."

"Nikufundishe, halafu uwaambie."

"Nitawaambia melini."

"Leo."

"Kesho, baada ya mazoezi ya kwaya. Haki ya Mungu."

Annick akamtazama, akapangusa vidole. Akachagua ndagala mmoja mnene, akamlaza ukingoni mwa gazeti. "Huyu ni meli. Hapa ni gati. Ukitoka mlangoni utaona watu wote wanafuata upande mmoja. Wewe usiwafuate. Unageukia—"

Mlango ukafunguka. Watu wa kanisa lile hawabonyezi kengele. Mama Laurentine aliingia na viatu vyake vya theluji, ameinua kofia ya kitenge, sare ileile waliyoshona akina mama wote, mbele imetariziwa nanga ya uzi wa dhahabu.

"Kapiteni wetu," akasema, akamvika. "Inakutosha. Mlikuwa mnaongea nini na samaki mezani?"

Annick akamtazama mumewe, akasubiri.

Onesphore akaiokota meli, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna.