Nilimsingizia Mke wa Mwanangu Ili Blogu Yangu Isomwe Tena

Admin, jina langu lifiche, na la kijiji pia. Mimi ni mama wa miaka themanini na moja, mjane, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naishi kwa mwanangu upande wa Kapkatet. Moyo wangu umechoka. Daktari alimwambia mwanangu hayo nje ya mlango, akidhani masikio yangu nayo yamechoka. Kwa hiyo sina muda wa kuzungusha maneno.

Nilipostaafu nilianzisha blogu. Sikutumia jina langu, kwa sababu sikutaka wanafunzi wangu wa zamani wanisome kwa heshima tu. Nyumbani walidhani naandika historia ya kanisa. Niliandika jinsi chai ilivyoingia katika mashamba yetu madogo, jinsi mama zetu walivyosafisha kwa mkaa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na majina ya vijito ambavyo watoto wa leo wanaviruka bila kujua vinaitwaje. Watu walisoma. Kijana mmoja wa huku anayefanya kazi Doha aliniandikia kwamba alitokwa na machozi akiwa zamuni.

Halafu wakaanza kuondoka. Sijui walienda wapi, labda kwenye video. Nilijaribu kila kitu: picha, makala mafupi, hata vichwa vyenye alama tatu za mshangao, jambo ambalo darasani ningemkatia mtoto maksi. Makala yangu kuhusu mto wetu unaokaushwa na mikaratusi yalinichukua wiki nzima, na yakasomwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mimi, nikiangalia kama yamefunguka.

Siku hiyo, kwa hasira, niliandika kwamba mke wa mwanangu ameniletea chai baridi. Uongo. Chai ililetwa ikitoa mvuke. Mimi ndiye niliyeiacha ipoe nikingoja wasomaji. Kufikia jioni maoni yalikuwa yamejaa. "Pole sana mama, hao ndio wanawake wa siku hizi." "Kijana anangoja nini? Amrudishe kwao!" Mto wa kwetu unakufa, kimya. Kikombe cha chai kikapoa, watu wa Doha wakakosa usingizi! Nisameheni, lakini nyinyi wasomaji mnakasirisha.

Nikaendelea. Leo nimenyimwa blanketi, kesho nimefichiwa sukari. Walirudi wote na wakaleta wenzao.

Sasa mjue ni nani niliyemwandika. Nitamwita Chebet. Ndiye hunilisha, huniogesha na kunigeuza kitandani. Binti yangu wa kuzaa hupiga simu Krismasi.

Blogu ilifika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa, na Chebet akaanza kunisomea jioni akinikanda miguu iliyovimba.

"Mama, skiza hii! Huyu kogo, nyanya wa blogu, leo anasema ati amefichiwa sukari."

"Ni watu wa wapi hao?" nikauliza.

"Labda Kaplong huko. Si unawajua?" Akacheka mpaka akaachilia mguu wangu. "Lakini huyu kogo naye, ai! Mdomo kama wembe. Mimi Mungu alinionea huruma, akanipa wewe."

Nilifumba macho nikajifanya nimesinzia.

Uongo nao huisha. Wasomaji walikuwa wanadai kisa kipya na mimi sikuwa na kingine cha kubuni. Ndipo alasiri moja Chebet akarudi kutoka kituo cha kuuzia majani chai, macho mekundu. Karani alikuwa ameyamwaga majani yake chini mbele ya watu, ati amechuma makubwa magumu badala ya majani mawili na chipukizi. Aliketi kitandani pangu akalia, akajifuta kwa kitambaa changu cha kichwa.

"Usimwambie baba watoto, Mama. Nilikuwa nachuma mbiombio nirudi nikupeleke choo. Ningechelewa, ungeaibika."

Niliyaandika yote, hata kitambaa. Yote isipokuwa sababu. Nilisema ni uvivu.

Hakuna nilichowahi kuandika kikasomwa hivyo. Jioni ile Chebet alinikanda miguu bila kunisomea chochote. Asubuhi, katikati ya matusi ya watu, nilikuta maoni mapya yasiyo na jina: "Mama, uji umepoa. Kunywa kwanza, utaandika baadaye."

Niligeuka. Kikombe kilikuwa kwenye stuli kando yangu, uji umeshafanya utando juu.

Baadaye aliingia, akakichukua, akaenda kuupasha moto, akarudi akaninywesha. Mpaka leo hajaitaja blogu. Miguu ananikanda vilevile, kwa mikono ileile, ila hacheki.

Nikiandika ukweli kwenye blogu, akina mama wa kanisa watathibitisha ni nani aliyesemwa, maana tayari wanashuku; baadhi yao walikuwepo majani yakimwagwa. Nikimwomba msamaha uso kwa uso, atanisamehe kwa kuwa nakufa, na msamaha wa namna hiyo ni kama kumpora. Nikinyamaza, mwanangu ataifungua simu ninayoandikia nikishazikwa, asome jinsi mamake alivyomlipa mkewe. Na labda ukimya huu Chebet ameuchagua mwenyewe, nami sina haki ya kuuvunja ili nife nikiwa mwepesi.

Mnajua kinachoniudhi kuliko yote? Kila asubuhi bado naifungua blogu niangalie wamefika wangapi.

Ukurasa huu wenu Chebet anaufuata, ndiye aliyenionyesha. Nishaurini, wanangu, nifanye nini? Mnijibu kabla hajafika hapa.