Rahamatou Juu ya Paa la Shule

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Rahamatou alimgombeza mumewe, Boinali, kwa kuvaa fulana ndani nje. "Mzee mzima! Unataka watu waseme huna mke?" Akamvua, akaigeuza, akamvika. Kesho yake Rahamatou hakuamka.

Matangani, jirani zao wa Mahajanga, mji wa pwani ya Madagaska, wakamsifu marehemu kwa upole. Boinali si msemaji, lakini hilo hakulikubali. "Huyo mpole simjui," akasema. "Wangu alipanda paa."

Ilikuwa miaka ya sabini mwishoni. Wakomoro wengi kama wao walikuwa wameuawa mjini katika ghasia, na wengi wa waliosalia wakarudishwa visiwani Komoro. Rahamatou na Boinali walijificha kisiwa cha Nosy Be kwa shangazi. Mambo yalipotulia, mke akasema nyumba yake iko Mahajanga. Wakarudi.

Serikali nayo ilikuwa imebadili masomo: Kifaransa kando, watoto wafundishwe kwa Kimalagasi, na mtaa wao ukaambiwa ujijengee shule. Kila nyumba ikatoa nguvu yake. Rahamatou alishona makuti ya upande mzima wa paa, vidole vikachubuka.

Siku ya kuandikisha akampeleka binti yao, Laïla. Mwenyekiti wa mtaa akasimama mlangoni.

"Hii shule ya Wamalagasi, mama. Mtoto wa Mkomoro ataiweza lugha?"

"Mkanyage mguu, uone atakutukana kwa lugha gani."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akafunga mlango.

Boinali akamshika mkewe mkono: twende, yasije yakarudi yale. Rahamatou akajinasua. Akakaza leso kiunoni, akapanda ngazi ya mafundi, akaanza kukata kwa mundu kamba za makuti yake na kuyatupa chini. Jua likawaingilia watoto waliokwisha kukaa ndani.

"Shuka! Unaezua shule ya taifa!"

"Naezua makuti yangu. Taifa lishone yake."

Wazee waliojenga naye wakaanza kunung'unika: mama kasema kweli. Mwenyekiti akawatazama, akalitazama tundu, akafungua mlango na kumsukuma Laïla ndani.

"Haya, ameandikishwa! Shuka!"

Boinali naye, chini ya ngazi, akamsihi ashuke. Mkewe akaketi juu ya fito, mundu mkononi. Maneno aliyojibu Rahamatou, Boinali hayapunguzi wala hayaongezi:

"Kuandikishwa mimi sikuoni, sijui kusoma. Sauti ya mwanangu naijua. Sishuki mpaka niisikie humo ndani."