Jiwe la Mama Lililokwenda Yordani

Mama yangu hakuwahi kulizoea kanisa alilolikuta limeshajengwa. Kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, parokia ilipojenga, kila mama alipandisha jiwe kichwani kutoka mtoni, akamkabidhi fundi, akasimama palepale hadi alione limewekwa. La mama lilikuwa chini ya dirisha la kushoto. Tuliketi karibu nalo miaka yote, na nikisinzia wakati wa mahubiri, alinisukuma hadi kichwa changu kikaligonga.

Kisha vita, kambi, na mwishowe Buffalo. Hapa mtaani kwetu, Black Rock, tulikuta kanisa kubwa lililojengwa na wahamiaji wengine zamani, limechorwa malaika mpaka kwenye dari. Mimi nilipenda joto lake, sikuwa na la zaidi. Mama aliketi benchi la nyuma kabisa, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja basi.

"Mule niko mugeni," alisema. "Hakuna hata jiwe yangu moja."

Mwaka 2015, mama mdogo, mdogo wake mama anayeishi Louisville, akapiga simu. Anakwenda kuhiji na wenzake wa parokia, hadi ng'ambo ya Yordani, pale Yesu alipobatizwa. Akasema Wakatoliki wanajenga kanisa jipya pale kwa ajili ya mahujaji, na kuta bado hazijaisha. Mwingine angeuliza habari za mto. Mama alishika neno moja tu: wanajenga.

"Bon, sawa," akasema. "Mutu hawezi kuenda ku kanisa yenye wanajenga na mikono mitupu."

Mwenyewe asingeweza kwenda. Miguu yake ilikuwa inavimba, na daktari alikuwa amekataza ndege ya safari ndefu. Alilia siku hiyo, mbele yangu, bila kujificha. Kesho yake akaenda ukingoni mwa mto Niagara, akachagua jiwe jeusi lenye ukubwa wa mkate, akalifunga kwa kitenge na kurudi nalo kichwani katikati ya barabara. Magari yalipunguza mwendo. Mimi nilitembea nyuma yake kidogo, nikijifanya simjui. Mwanangu alimwambia kwa Kiingereza kwamba hilo ni jiwe tu. Bibi yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba na yeye mwenyewe alikuwa mtoto tu, na bado walimbeba wakati wa kukimbia.

Tulikutana na mama mdogo Columbus, kwa binamu yetu, maana ndiko katikati. Alipolinyanyua lile furushi alicheka hadi akakaa chini, akimwita mama yaya, yaani dada mkubwa, kama kwetu.

"Yaya! Donc, kwa hiyo mimi niache manguo, nibebe jiwe?"

"Acha manguo," mama akasema. "Kule iko joto."

Hakuwa anatania. Akamweleza namna ya kufanya: amtafute fundi, asimpe kibarua, na asiondoke kabla hajaliona limekaa. Mama mdogo akaacha kucheka. Alikuwa na jiwe lake katika ukuta uleule wa kwetu.

Wiki zile mama alikuwa mtu mwingine. Alipika akiimba. Aliniuliza saa ngapi huko Yordani, na je, kule mafundi hulala mchana? Kanisani alihama kutoka benchi la nyuma, akaja hadi katikati. Nilifurahi kumwona hivyo, na nikaogopa pia.

Mama mdogo aliporudi tulikwenda tena Columbus. Nilipoona anatoa kitenge kilekile, kimefungwa vilevile, nilitamani turudi nyumbani kabla hakijafunguliwa.

"Walikataa, yaya. Nilimuona fundi mwenyewe. Mawe yao yote ni meupe, yamekatwa sawasawa na mashine. Alinishika mkono, akaomba samahani. Sikuweza kuiacha mu mchanga kama takataka."

Mama alilipokea jiwe, akaliweka mapajani.

"Imefika Yordani," akasema taratibu. "Mimi sijafika."

Alilishika hivyo hadi Buffalo.

Jumapili iliyofuata alilibeba kanisani ndani ya mkoba, na baada ya misa akaliacha chini ya benchi la nyuma. Sikumuuliza. Nilidhani ameshalichoka, au amelikasirikia.

Wiki iliyofuata kulikuwa na joto, na wazee wa kanisa walikuwa wameacha mlango wa pembeni wazi ili hewa iingie. Mlango ule ni mzito, hujifunga wenyewe. Kilichokuwa kimeuzuia ni jiwe jeusi. Watu walipita kando yake, wakaingia. Nikamshika mama mkono nimvute upande mwingine asilione, lakini alikuwa ameshaliona. Alisimama. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kwetu.

"Imepata kazi," akasema.

Aliketi pale karibu na mlango, na mkoba akauweka chini sakafuni. Aliimba nyimbo zote, hata za Kiingereza asizozijua.

Njiani kurudi aliangalia nyumba za mbao zikipita. Halafu akaniuliza, "Na ile ya kwetu, chini ya dirisha. Unawaza ingali pale?"

Tulikuwa tumesikia kwamba mji ulipigwa mabomu baada ya sisi kukimbia. Hakuna aliyewahi kutuambia habari za kanisa.

"Ipo, mama," nikasema.

"Nani ameketi karibu nayo?"