Moteri Iliyonguruma Bila Maji

Mdogo wangu wa kike alileta moteri ya mtumbwi wake nyumbani kwetu Bunia ikiwa imefungwa ndani ya blanketi, juu ya magunia ya samaki wakavu, kwenye lori lililotoka Mahagi-Port. Mume wake alikuwa amekufa na kumwachia mtumbwi mkubwa na hiyo moteri. Kwa moteri hiyo aliwaajiri wavuvi, akasomesha watoto, akamlisha na mama mkwe wake. Siku zile, kando ya ziwa, watu wenye silaha walikuwa wakishuka na kuchukua moteri kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mtumbwi unaweza kuuficha kwenye matete, lakini moteri kila mtu anajua iko kwa nani. Akaona ailete kwangu mimi kaka yake mkubwa, yaya wake, halafu arudi kwa watoto na kungoja utulivu.

Hakukubali hata kunywa chai kabla ya kunionyesha. Aliinamisha ile moteri uani, akagusa vitundu vilivyo kwenye mguu wake, juu kidogo ya elisi, lile panga linalosukuma maji.

"Yaya, maji inaingilia hapa, inapanda kupoza mwili, inatokea hapa mubavuni. Ukitaka kuiwasha, ni mu pipa, maji ipite hivi vitundu. Kama maji aiko, usiguse kamba. Hata kidogo."

"Nimesikia."

"Usiseme umesikia. Sema maji."

"Maji," nikasema, na wote tukacheka, na mke wangu akaleta chai.

Mimi nilimaliza sekondari, nikafanya kazi ya kutunza bohari ya ofisi moja hapa mjini mpaka nilipozeeka. Pamoja na bohari niliitunza grupu, jenereta ya umeme ya ofisi hiyo, na nilipoacha kazi nilinunua ndogo ya nyumbani. Mashine inayolala sana inashika kutu: hilo nilikuwa nalijua, na kila wiki niliiwasha grupu hata siku ambazo hatukuhitaji umeme. Nikaamua na moteri ya mdogo wangu isilale.

Mara ya kwanza nilifanya kama alivyosema. Nilisimamisha pipa uani, nikalijaza. Ilikuwa wakati wa jua kali, na sisi tunakaa mlimani. Maji yanatoka kwenye chemchemi bondeni, na wanawake wanayapandisha kwa bidoni, madumu ya plastiki. Pipa lilimeza maji yote ya nyumba. Moteri iliponguruma, elisi iliyarusha mengine mpaka ukutani, na yaliyobaki yalifanya utando wa mafuta, hayakufaa hata kufulia.

Mke wangu alitazama ndani ya pipa. "Haya ndiyo yalikuwa ya kuoga?"

Wiki iliyofuata nilifunga moteri kwenye ubao kati ya magogo mawili, nikavuta kamba bila tone la maji. Iliwaka vizuri sana. Niliiacha ingurume kidogo, nikaizima. Hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililonidanganya. Grupu yangu haikuhitaji maji, ilipozwa na upepo wake yenyewe, nami nikajiambia kwamba chuma ni chuma, na kwamba watu wa ziwani wanapenda maji kwa sababu wanayo mengi.

Siku za yenga, yaani Jumapili, baada ya misa, wazee wenzangu walikuwa na desturi ya kupitia kwangu. Walipoiona moteri uani, mlimani, mbali na ziwa, ndimi ziliwawasha.

"Nuhu wa Bunia! Gharika itaanza lini?"

"Mujenge haraka, muzee, miye na mbuzi zangu tuko tayari!"

"Tusikie basi sauti ya ziwa!"

Mimi nilikuwa navuta kamba kuwajibu. Ilinguruma, kuku wakakimbia, wazee wakapiga makofi, na kwa muda mfupi mimi niliyekuwa nimezoea kukaa kimya katika mazungumzo yao nikawa mtu wa kutazamwa. Nataka kusema ukweli: baada ya hapo sikuiwasha tena kwa ajili ya kutu. Niliiwasha kwa ajili ya yale makofi.

Yenga moja mvua ilishuka ghafla, nikaivuta moteri chini ya paa la jiko la nje, nikaiwasha humo humo. Moshi ulijaa. Nilikuwa nimesahau pia kutoa gia, na elisi ikazunguka, ikashika kikapu cha sombe, majani ya muhogo, kilichoning'inia karibu, ikakikatakata. Mzee mmoja alicheka mpaka akajishika mbavu: "Leo moteri imetutwangia sombe!" Mke wangu alikuwa akiwatoa wajukuu nje wakikohoa, chini ya mvua. "Unataka kutuua sababu ya sauti?" alisema. Mjukuu wetu mdogo alikuwa amesimama pale penye kikapu muda mfupi tu kabla. Niliiona hiyo hatari, na bado yenga iliyofuata niliiwasha tena, nje.

Ilianza kutoa harufu kama ya tairi linaloungua. Niliisikia. Nikasema ni mafuta.

Halafu mdogo wangu akapiga simu. Ziwa lilikuwa limetulia, mitumbwi ilikuwa inatoka tena, na wavuvi wake walikuwa wanamngoja. Kama angechelewa wangeenda kwa tajiri mwingine, na wavuvi wazuri wakishaenda hawarudi. Alikuja kwa lori, amechoka na vumbi la njia ya Djugu limemjaa nywele, akakataa kupumzika. Alitaka kuisikia moteri kwenye pipa kabla ya kuibeba. Alikuja na fundi mmoja aliyemfahamu tangu ziwani, ambaye sasa alikuwa akitengeneza pikipiki hapa mjini.

Mdogo wangu mwenyewe alifungua elisi na kuiweka kando, akahakikisha gia imetoka. Pipa lilijazwa mpaka maji yakafunika vile vitundu. Fundi akavuta kamba, ikawaka. Sote tukatazama tundu la ubavuni, pale maji yanapotakiwa kuruka mfululizo kama mkojo wa mtoto wa kiume. Watu wa ziwa wanasema moteri inakojoa. Palikuwa pakavu.

"Haikojoe," fundi akasema.

"Zima!"

Alizima. Mdogo wangu akanigeukia. Majirani wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na mke wangu alikuwa na bidoni mkononi.

"Yaya, uliwashaka hii moteri bila maji?"

"Hapana," nikasema.

Mke wangu aliweka bidoni chini, akaingia ndani ya nyumba.

Fundi alifungua mguu wa moteri. Ndani mna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, ndicho kinachovuta maji na kuyapandisha. Bila maji, hata kwa muda mfupi, kinajisugua kwenye chuma kikavu na kuungua. Kilitoka kikiwa cheusi, kigumu, kimekatikakatika.

"Ee, muzee! Huyu alikufa na kiu," fundi akasema. Alidhani anataniana nami.

Mdogo wangu alikichukua, akakileta mbele ya macho yangu. "Hii ni nini?"

"Niliiwasha."

"Mara moja?"

"Siku za yenga."

"Yenga zote?"

"Nyingi."

Hakupaza sauti. "Sikasirike juu ya mupira, yaya. Mupira inauzwa mu soko. Lakini nimekuuliza mbele ya batu, ukaniambia hapana. Kama huyu fundi angekuamini, tungetafuta ugonjwa kwingine, na ingeniletea kifo kule mbele."

Mpira mpya ulipatikana mjini. Ulipofungwa, moteri ikawaka na maji yakaruka kwa nguvu, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Fundi alikuwa amechuchumaa, akipanga vipande vya mpira wa zamani juu ya kitambaa, akijaribu kurudisha umbo lake. Bawa moja halikuonekana.

"Labda lilitoka na maji," nikasema.

"Labda. Ao liko ndani, limepanda juu, linangojea."

Simu ya mdogo wangu ikalia. Alikuwa mmoja wa wavuvi wake. Tulimsikia wote, kwa sababu alizoea kupiga kelele kama yuko kwenye upepo: "Mama, tunakungojea ao tutafute kwingine?"

"Mungoje," akasema, akakata. Kisha akamwambia fundi: "Itembee hapa. Siku muzima. Kama ni kuziba, izibe hapa Bunia. Isizibe kati ya maji na batoto ya batu ndani."

Basi waliivuta katikati ya uwanja, mbali na kuta, moshi uende na upepo, na wajukuu wakapelekwa kwa jirani. Kila wakati maji ya pipa yaliposhika moto ilibidi yatolewe na mengine yatiwe, na usawa usishuke chini ya vile vitundu. Nilichukua bidoni bila kuambiwa na mtu. Nilishuka chemchemini, nikapanda, nikamimina, nikashuka tena. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walinipisha, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama wangenicheka. Wazee wenzangu walikuja wakiufuata mngurumo.

"Nuhu! Gharika imefika, sasa unabeba yenyewe na mugongo!"

Mmoja alipoona uso wa mdogo wangu aliwavuta wenzake, wakaondoka.

Mdogo wangu alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, karibu na moteri, na mara kwa mara alipitisha kidole kwenye yale maji yanayoruka, kupima joto lake. Sikuwahi kumwona mtu akitazama kitu namna ile isipokuwa mama aliyelaza mtoto hospitalini. Mimi nilipopumzika hakunitazama. Nilipomimina aliangalia usawa wa maji, hakuniangalia mimi.

Alasiri maji ya ubavuni yalipungua unene. Yaliruka tena, yakapungua, yakawa matone. Kabla fundi hajainuka, mdogo wangu alikuwa ameshazima.

Waliingoja ipoe, wakafungua kichwa chake. Bawa lilikuwa limekwama kwenye njia nyembamba ya maji, juu kabisa. Fundi alilichomoa kwa kibano, akaliinua kama mtu aliyeshinda karata. "Huyu hapa, mwizi!" Mdogo wangu akacheka, mara ya kwanza tangu afike, na mimi nikaketi chini, kando ya bidoni.

Lakini kwa kuwa kichwa kilikuwa wazi, fundi alimulika ndani kwa simu, mahali pistoni inapopandia. Alipitisha ukucha kwenye ukuta wa chuma. Alipitisha tena. Utani ukamtoka.

"Mama, iko na mistari. Ilipata moto sana, si ya leo."

"Itatembea?"

"Itatembea."

"Kuvuka mpaka ng'ambo, na muzigo, na upepo?"

Alipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Miye siwezi kukudanganya. Karibu na bara, ndiyo. Mbali, hapana. Nguvu yake imekwenda."

Mdogo wangu aliitazama moteri, si mimi. Wavuvi wake walikuwa wavuvi wa mbali. Ndiyo maana samaki wake walikuwa wakubwa. "Funga," akasema. "Nitaenda nayo hivyo."

Asubuhi, tulipokuwa tunaipakia kwenye lori, nilimwambia nitakwenda naye. Nilimwambia nitakaa nyuma ya mtumbwi, kazi yangu iwe kutazama yale maji tu, yakipungua nipige kelele. Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo usiku na lilionekana kwangu kuwa malipo ya haki.

Alifunga kamba, akajaribu fundo. "Weye bakia, yaya. Mutu wa kuangalia maji, akiniambia inatoka, inafaa nimuamini."

Hakusema kwa hasira. Alipanda mbele kwa dereva, akanipungia mkono kama kawaida, akaniachia salamu za kuwapa wajukuu.

Baadaye alikuwa ananipigia simu, akinipa habari za watoto, za mama mkwe, za misa. Habari za moteri hakuzitaja. Siku moja nikamuuliza kama inakojoa.

"Inakojoa."

"Vizuri?"

"Siye sasa tunavua karibu karibu tu, yaya."

Nilijua maana yake. Karibu na bara nyavu ni nyingi na samaki ni wadogo. Wavuvi wake wawili walikuwa wameshaenda kwa tajiri mwingine. Shule zilipofunguliwa, binti yake mkubwa hakurudi. Alikaa sokoni na sinia ya dagaa.

Niliposikia hayo nilimwita mtu niliyejua anaitamani grupu yangu, akaja kuichukua. Jioni nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia nimeiuza, na kwamba nitamtumia pesa ya shule, binti arudi darasani, na inayobaki iwe mwanzo wa kutafuta moteri nyingine. Nilingoja afurahi.

"Umeuza kweli, yaya," akauliza, "ao unasema tu?"

Mke wangu alikuwa karibu, anachambua mchele. Nikampa simu, aseme yeye.