Niliinua red dot ya Uncle Siva, nikaacha mstari mmoja wa kadi wazi

Wakuu, salamu kwenu, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Hiki kisa sijawahi kukiandika popote. Ni cha kweli tupu, na sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Juzi kuna jamaa humu kauliza: red dot kwenye rifle ifungwe juu au chini? Mkamjibu fasta, weka juu, shingo inapumzika. Nikasoma, nikaweka simu pembeni.

Iko hivi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Durban. Mbongo, fundi wa kukereza vyuma, nimepata kazi kwenye workshop ndogo pale Jacobs, mtaa wa viwanda. Bosi alikuwa mzee wa Kizungu, fundi bunduki mwenye leseni zake. Yeye ndiye anapiga risasi za majaribio, sisi wawili tunamchongea vipande.

Sisi wawili maana yake mimi na Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi. Alinizidi umri na alinizidi ujuzi, ila hilo la ujuzi wakati ule nisingelikubali hata kwa viboko.

Kwa wasioijua red dot: ni kioo kidogo kinachofungwa juu ya bunduki. Ukichungulia unaona nukta nyekundu. Unaiweka nukta unapotaka, unafyatua, basi. Kinachoishikilia juu ya mtutu ndiyo mount.

Mteja wetu mmoja aliitwa Uncle Siva. Durban, Mhindi mtu mzima unamwita Uncle, hata kama humjui. Alikuwa na shamba la miwa kupita Isipingo, na nguruwe mwitu walikuwa wanamwangushia miwa kama hawana akili nzuri.

Shida yake ilikuwa shingo. Alipata ajali ya gari, shingo ikakakamaa, hawezi kulaza shavu kwenye kitako cha bunduki. Miaka miwili alikuwa hajapiga hata kopo.

Mke wake alishafariki, watoto walishahama. Alibaki na mbwa, Tiger. Kila akija workshop anakuja naye, na Tiger anaingia kulala chini ya mashine yangu, juu ya takataka za chuma, kama ndiye anayelipa kodi. Nikila bunny chow, ule mkate wa Durban unaochimbwa katikati ukajazwa mchuzi, namgawia kipande cha juu. Tulizoeana.

(Kuna watakaosema "kumbe uzi wa mbwa". Piteni kushoto, sitagombana na mtu.)

Uncle Siva nilimkalisha kitini na bunduki tupu. Nikamwambia afumbe macho, aipandishe begani, kichwa akiache kilivyo, halafu afumbue. Nikapima kutoka katikati ya mtutu hadi kwenye jicho. Sentimita saba na nusu.

Mount za dukani zilikuwa fupi, hazifiki hata nusu ya hapo. Bosi akaniambia, haya, chonga yako.

Wakuu, ile ndiyo kazi yangu ya kwanza niliyoichora mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Aluminium safi. Niliisugua mpaka unajiona sura.

Uncle Siva alipoinua bunduki na kuikuta nukta mbele ya jicho lake, bila kuinamisha shingo, akasema, "Eish, my bru. Nimerudi kuwa mtu." Machozi yanamlenga.

Nikavimba kichwa. Siku nzima napiga miluzi.

Sasa sikieni kosa.

Workshop yetu kila bunduki ilikuwa na kadi yenye mistari miwili, MBALI na KARIBU. Bosi anapiga, mimi napima matundu kwenye karatasi, najaza kadi. Mita hamsini ilikuwa safi kabisa, matundu yote yanafunikwa na kifuniko cha soda. Nikaandika.

Papa Ilunga akanisogelea. "Ndugu, ile kitu iko juu sana. Karibu itapiga chini. Masasi haitoke mu macho, inatoka mu mtutu. Pima, uambie mzee."

Nilimwelewa vizuri sana, msinitetee. Jicho liko juu, mtutu uko chini. Vinakutana huko mita hamsini. Ukisogea hadi hatua mbili, risasi inapita chini ya nukta karibu kimo chote cha mount.

Bosi naye akauliza, "Na karibu?"

Nikajibu, "Haina haja bosi, nani atapiga nguruwe hatua mbili?"

Uongo wangu huo. Ukweli ni kwamba sikutaka lile tundu lionekane kwenye karatasi, vidole vinne chini, pembeni ya kazi yangu ya kwanza, na Papa Ilunga anaangalia. Basi. Ni hicho tu.

Uncle Siva akaichukua kadi, akaitia kwenye wallet kama kitambulisho. Mstari wa KARIBU mtupu.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, akaja peke yake. Nikachungulia nyuma yake kumtafuta Tiger.

Akaweka bunduki juu ya meza, akasimulia akiwa amesimama. Nguruwe alimpasua Tiger tumbo kwenye miwa. Hakukuwa na la kuokoa. Alitaka kumpumzisha kwa risasi moja, asiteseke.

Akasimama hatua mbili. Akaiweka nukta panapotakiwa. Akafyatua.

Risasi ikapiga taya.

Tiger akawa anamwangalia. Yeye akadhani ni mikono yake inatetemeka. Akalenga tena palepale, kwa sababu kadi ilisema bunduki iko sawa.

Ya tatu akasogeza mtutu hadi ukagusa manyoya.

Papa Ilunga akazima mashine. Hakuniangalia. Afadhali angeniambia "nilikwambia", ningepata wa kumkasirikia. Alimshika Uncle Siva mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Pole sana, Papa."

Uncle Siva akanigeukia mimi. "Ulijua?"

Wakuu, kuna sekunde pale nilitafuta uongo mwingine. Nikakosa.

"Nilijua, Uncle."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa shida ya ile shingo. Akaniomba niifungue mount. Skrubu nne, sijui zilinichukua muda gani. Akasema bunduki bosi amuuzie yeyote, yeye hataki tena. Akatoa kadi kwenye wallet, akaiacha mezani, akaondoka. Hakunitukana hata neno moja.

Nikaiokota kadi. Mstari wa KARIBU ulikuwa umejazwa, kwa kalamu ya bluu, herufi zinayumba: hatua mbili, vidole vinne chini.

Bosi ndiye aliyenisimulia baadaye: alipomaliza kumzika Tiger, Uncle Siva alibandika karatasi kwenye nguzo, akapiga, akapima. Kazi yangu, akaifanya yeye, siku ile ile. Alikuja kuniuliza akiwa jibu analo.

Sikudumu pale. Bunduki za watu sijazigusa tena, na hata leo mtu akisifia kazi yangu namkatisha.

Nilichojifunza? Urefu wa mount si shingo tu. Juu si kosa, Uncle Siva alihitaji juu. Ila ukiiinua, piga na karibu, pima, umwambie mwenye bunduki hata kama inakuchafulia sifa. Wewe jamaa uliyeuliza juzi, kabla sijakwambia juu au chini, niambie: cha karibu kabisa utakachokipiga kitakuwa hatua ngapi?

Wenye uzoefu shusheni yenu hapa. Wa kunitukana pia ruksa, maana yule mwenye haki ya kunitukana alikataa.

Kadi ninayo. Mstari wa juu mwandiko wangu, wa chini wake.