Maksai wa Brathe

Brathe yangu aliacha mchanga wa Kaikor akaenda kuwa askari wa maji. Turkana mzima, amejifunza kuogelea akiwa na ndevu tayari, eti analinda bahari. Kwenye meli yao ya doria anakaa na vyombo masikioni, anasikiliza kama kuna nyambizi imejificha chini huko.

"Na usiposikia kitu?" nilimuuliza.

"Naendelea kusikiliza, mjinga wewe."

Wakienda mazoezi ya kutafuta nyambizi, simu zote zinakusanywa. Kabla ya kutoa yake ananipigia: sitapatikana, niangalilie maksai wangu.

Huyo maksai si nyama. Kwetu kijana akishakuwa mwanaume anakuwa na maksai wake, anamwimbia, watu wanamwita kwa jina la huyo maksai. Hachinjwi kama mwenyewe hajasema. Wa brathe alikuwa mwekundu, tumbo jeupe, pembe moja imekunjwa mbele. Mimi naendesha boda mjini, Kanamkemer, lakini maksai akikohoa napigiwa simu.

Ukame ulipozidi, baba akapiga. Maksai ameanguka kwenye mawe, mguu umevunjika. Nilipofika Kaikor nikamkuta amelala upande, anapumua vumbi.

"Mwenyewe anasema nini?" baba akauliza, hata salamu hakunipa.

"Mwenyewe anawinda nyambizi, baba."

"Mpigie."

Nikapanda kilima chenye mtandao. Mteja hapatikani. Kesho yake, hapatikani. Yule mwanamke wa hapatikani tulishazoeana, nikamuuliza kama ameolewa. Nikacheka, halafu nikaona niko peke yangu na mbuzi wawili, na hao hawakucheka. Nikakaa hapo mpaka jua likanichoma. Mtu wa kumwambia huo utani alikuwa mmoja tu, na simu yake ilikuwa kwenye sanduku la mkubwa wake.

Siku ya tatu maksai akakataa maji.

"Mmenyonya ziwa moja," baba akasema. "Ukisema wewe, amesema yeye."

Nilitafuta mzaha, sikupata.

"Mmalize," nikasema.

Baba akachukua mkuki. Mimi nilishika ile pembe.

Wiki iliyofuata niko stegi nangoja abiria, brathe akapiga.

"Sema, mwizi wa abiria! Mkubwa wangu wa pembe anakula?"

"Hayuko. Tulimchinja."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na ngozi umeshona suruali, ama?"

Ni kweli ningesema hivyo, siku nyingine. Nyuma yake nilisikia injini na mtu anapiga kelele, na kicheko chake kinaisha polepole.

"Wee. Acha hiyo."

"Alivunjika mguu. Nilikupigia siku tatu."

"Nani alisema achinjwe?"

"Mimi."

Abiria akaja, anataka Kakuma. Nikamwonyesha kwa mkono apande ya mwenzangu.

"Ungenisubiri," brathe akasema. Hakuwa na hasira; angekuwa nayo ingekuwa afadhali.

"Alikuwa anaumia."

"Mama alikula hiyo nyama?"

"Alikataa."

"Na wewe?"

Ningedanganya, angeamini. Uongo wangu anaamini haraka kuliko ukweli.

"Nilikula," nikasema. "Nilikuwa na njaa."

Akasema sawa, na mtu huko akamwita kwa jina lile la maksai. Nilimsikia akiitika.