Majani Matamu ya Mama wa Kamango

Mwezi uliopita, hapa Beni, mashariki mwa Kongo, muuguzi alinichoma kidole, akakitazama kimashine chake, akaniambia nianze kuachana na sukari. Alisema kwa upole, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Nilirudi nyumbani polepole, na kwa kweli, rafiki yangu, sikuwa nawaza ugonjwa. Nilikuwa naliwaza jiko letu la nyuma kule Butembo, miaka ya vita, na wanawake wawili wazee wakigombana juu ya chai.

Mmoja wao alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Sisi Wanande bibi tunamwita mukaka, na hapa pia nitamwita hivyo. Alikuwa mwanamke mwenye mgongo ulionyooka, mwimbaji wa kwaya, ambaye kitenge chake kilipigwa pasi ya makaa hata kama siku hiyo alikuwa haendi kokote. Alipenda sukari kuliko mtoto yeyote wa nyumba ile. Vijiko vinne katika kikombe kimoja, kisha anakoroga na kutuambia, "Chai bila sukari ni maji ya kunawa."

Sukari yetu ilikuwa ikija na malori kutoka Kasindi, mpakani na Uganda. Vita vilipozidi na kila kona ya barabara ikawa na bariere, kizuizi cha askari, leo hawa, kesho wengine, malori yalikuja mara chache, na sokoni sukari ikaanza kuuzwa kwa kijiko, imefungwa katika kipande cha sashe, mfuko wa plastiki. Ni wakati huohuo ugonjwa ulipomshika Mukaka. Alikunywa maji bila kutosheka. Alikonda. Sisimizi walijipanga mstari nyuma ya choo, wakifuata mkojo wake, na mama yangu alipouona mstari ule alimshika mama mkwe wake mkono, akampeleka mpaka kituo cha afya.

Muuguzi wa pale alizungumza naye kwa heshima. "Mukaka, sukari imeisha kwako. Chai, uji, byote, hapana weka kitu. Na muwa pia, hapana."

Mukaka alitii, lakini kwa uso tu. Kila asubuhi alikaa na kikombe chake cha chai isiyo na sukari mbele yake kama mtu aliyetukanwa. Kwaya aliiacha. Hata hadithi za jioni zilipungua.

Yule wa pili alifika kwetu majira ya mvua. Alikuwa ametoka upande wa Kamango, karibu na mpaka wa Uganda, akikimbia risasi, na kwa wiki nzima alikuwa akilala juu ya benchi la kanisa pamoja na wakimbizi wengine. Mama alimkuta pale baada ya ibada akamleta nyumbani bila kumwuliza mtu. Mzigo wake ulikuwa gunia moja na sufuria, na ndani ya sufuria kulikuwa na udongo na mche wenye majani madogo yaliyonyauka. Watu wengine walikimbia na magodoro, yeye alikimbia na mche. Tulimwita Mama wa Kamango.

Akapewa kile chumba kidogo kilichoshikana na jiko. Mukaka alinung'unika siku tatu. Jikoni mwake, alisema, moshi unamjua yeye peke yake.

Siku ya nne, Mama wa Kamango alimwona ameinamia kikombe chake. Akachuma jani moja, akalifuta kwa kidole, akamnyooshea.

"Mama, weka hii mu kinywa. Hapana meza. Tafuna tu."

Mukaka alilitazama jani, akamtazama mgeni, kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa na miaka kumi, na nadhani aliona nilikuwa mtu wa kujaribia kitu. Nikalitafuna. Kwanza lilikuwa jani tu, jani kama majani yote. Kisha utamu ukaja, ukajaa ulimi mzima, ukabaki pale muda mrefu, na mwishoni ukaacha uchungu kidogo kooni.

"Iko tamu?" Mukaka akauliza.

"Iko tamu kupita sukari."

"Inadanganya, hii mutoto," alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa.

Alitafuna macho yamefumbwa. Alipoyafungua, alimwambia yule mgeni "wasingya", yaani asante kwa Kinande, na ndilo lilikuwa neno lake la kwanza jema kwake.

Mama hakuridhika mpaka alipolipeleka tawi kwa muuguzi. Muuguzi alilinusa, akatafuna, akacheka. Alikuwa amelisikia jina lake, stevia. "Hii haiko dawa," akasema. "Haitamuponyesha. Mais," yaani lakini, "haiko sukari. Akunywe chai yake."

Mche ule, shemeji yake Mama wa Kamango aliuleta kutoka Uganda, alikokuwa akifanya kazi ya shamba. Mbegu zake hazikuota vizuri, kwa hiyo tulikata vijiti, tukavichomeka katika makopo ya mafuta yenye udongo mweusi wa bondeni, tukayapanga chini ya ukingo wa paa ambapo jua lilifika kidogo. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu, asubuhi kabla ya shule. Kuvunja vichwa vya matawi kabla maua meupe hayajatoka ilikuwa kazi ya Mama wa Kamango, kwa maana mti ukishachanua, alisema, majani yanakuwa mavivu. Majani yalianikwa juu ya ungo, kivulini, si juani, kisha yakatwangwa na kuwekwa katika kopo la maziwa. Uji wa ulezi, viazi vitamu vilivyopondwa, chai, vyote vilipata kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Ukizidisha, ulikuwa mchungu kama kwinini.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mukaka alitaka majani yachemke pamoja na chai. Mama wa Kamango alisema birika litoke kwanza motoni. Kila asubuhi.

"Unaua majani yangu, mama."

"Na wewe unaninywesha chai yenye haiko na nguvu."

Waligombana wakicheka, huku wakimenya viazi, huku mlio wa risasi ukisikika mbali upande wa mlimani na hakuna hata mmoja wao anayeinua kichwa. Mukaka alirudi kwenye kwaya. Akamchukua na mwenzake.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Shuleni kwetu wakati ule hapakuwa na mtoto mwenye pipi. Nilipeleka majani mawili, nikampa rafiki yangu. Kesho yake watoto sita walinisubiri mlangoni. Baada ya wiki moja nilikuwa malkia. Nilichaguliwa wa kwanza katika kila mchezo, nikaazimwa kalamu, nikakaa karibu na dirisha. Hata mwalimu aliniita pembeni akauliza kama limebaki moja. Mtoto aliyezoea kukaa nyuma, akionja hayo, ni vigumu kurudi.

Yalikuwa majira ya kiangazi na miche ilikuwa haikui vizuri. Nilichuma mpaka matawi yakabaki vijiti, na asubuhi moja, kwa haraka, niling'oa mingine na mizizi. Nilipoulizwa, nikasema ni mbuzi wa jirani. Mukaka alifunga kitenge chake akaenda kwa jirani, akamwambia mbele ya watoto wake maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema. Jirani alikuwa mjane mwenye mbuzi mmoja. Tangu siku ile alimfunga kamba fupi, na alipopita kwetu hakusalimia.

Kopo la maziwa likaisha. Mukaka alivumilia siku chache, kisha akaanza kutafuna muwa kwa siri nyuma ya nyumba. Mimi nilimwona. Nilinyamaza, kwa sababu kila mtu angeuliza tena majani yaliishaje. Alikuwa amejikata kidole cha mguu na jembe, na kidonda kile hakikufunga. Kikaanza kunuka. Jumapili moja alianguka akitoka kunawa. Baba na vijana wawili wa mtaa walimlaza juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba mizigo ya sokoni, wakamsukuma hadi kituo cha afya, na mama akikimbia kando amemshika mkono.

Nilibaki na Mama wa Kamango. Alikuwa anatwanga mihogo. Nikamwambia yote, shule, mbuzi, muwa, nikisubiri kofi.

Aliuweka mtwangio chini. "Kuya," akasema, akaniashiria nimfuate.

Tulishuka bondeni, kwenye kijito nyuma ya kanisa. Pale, katikati ya majimbi, palikuwa na majani yetu, miche kumi na kitu, imesimama vizuri kabisa kwenye unyevu. Sikujua aliipanda lini.

"Mutu mwenye alishakimbia mara moja," alisema, "hapana pandaka kitu fasi moja."

Nilidhani mambo yameisha hapo. Alinichumisha kikapu, kisha akanishika bega. "Majani tutapeleka. Mais ile maneno ya mbuzi, mi siwezi kukusaidia kubeba. Utabeba wewe mwenyewe."

Mukaka alikuwa amelazwa, mguu umefungwa bandeji. Muuguzi alikuwa ameshakikata kile kidole. Nilisema yote nimesimama mbali na kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Muwa, nilikula na mukono yangu," akasema. "Ile si kosa yako. Lakini yule mama wa watu, nilimutukana juu yako. Nitapona, tutaenda sisi wawili."

Na tulikwenda. Alitembea na fimbo, akipumzika mara tatu katika njia ya hatua mia. Jirani alikuwa mlangoni. Mukaka ndiye aliyepiga magoti kwanza, mtu mzima, na mguu ule. Mpaka leo sijawahi kuona aibu kama ile niliyoona nikipiga magoti kando yake. Jirani alituinua wote wawili. Alisema tu, "Mbuzi yangu haikuwa na hiyo tabia."

Mama wa Kamango alikaa nasi miaka miwili. Watu wa kwao waliposema kumetulia, alifunga gunia lake. Mukaka alimsindikiza hadi barabarani, akampa kile kitenge chake cha kwaya, kimepigwa pasi.

"Utarudia lini?"

"Siku batanifukuza tena."

Wakacheka mpaka wakashikana wasianguke, na lori likapiga honi. Hatukupata habari zake tena. Baba aliwauliza wafanyabiashara wa Kamango, mmoja akasema alimwona, mwingine akasema kijiji kile hakipo tena. Mukaka aliishi miaka mingine sita. Alizikwa Butembo siku ya mvua, na yule jirani ndiye aliyepika uji wa wafiwa.

Kiwanja chetu sasa kina nyumba ya ghorofa. Bonde nyuma ya kanisa limejengwa, kijito kinapita ndani ya bomba. Ukiniuliza nini kimepotea, ningeweza kukutajia udongo ule, harufu ya moshi, sauti ya mtwangio. Lakini nikisema hivyo nitakuwa najificha.

Mwaka jana, watu waliokuwa wakikimbia upande wa Oicha walipita mtaani kwangu. Mama mmoja mwenye watoto watatu alibisha getini, akauliza kama kuna fasi ya kulala. Nina vyumba viwili visivyolala mtu. Nilimpa unga na blanketi, nikamwonyesha njia ya kanisa, kwa sauti nzuri kabisa. Alinishukuru sana. Nilisimama nikiwatazama mpaka walipokata kona, yule mdogo akiburuta ncha ya blanketi langu katika vumbi, kisha nikafunga geti.